Shimo la Tano: Mwaka Nilioupoteza kwa Gome la Mjafari

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa mwaka wa tatu chuoni. "Shikamoo dada. Babu yangu ana mti unaotibu taifodi, kijiji kizima kinaujua. Nimeloweka gome lake kwenye spiriti, lita mbili. Sasa nipime nini nijue kama lina dawa ndani?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu kicheko kikakata, maana nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na gunia langu.

Marahaba mdogo wangu. Kaa kitako, jibu ni refu.

Mti wangu mimi ulikuwa mjafari. Kwetu Handeni mjafari haufichiki: shina limejaa vinundu vigumu, kila kinundu na mwiba wake, ukifikicha majani yananukia ndimu, ukitafuna gome, ulimi unakufa ganzi kama umetoka kung'olewa jino. Bibi alikuwa akiuchemsha kwa ajili ya homa. Alibandua gome upande wa jua linakochomoza tu, upande wa pili akauacha ili mti upone. Vipande anavitia chunguni, anamimina maji, anachochea kuni mpaka maji yageuke rangi ya chai ya mkandaa. Nimeyanywa maji hayo nikiwa na miaka saba, na uchungu wake ninao kooni hadi leo. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kusoma uzamili, wenzangu wakihangaika kutafuta mada, mimi nilikuwa nayo tangu utotoni. Nilijiona nimewatangulia hatua kumi.

Nikaenda, nikajaza gunia, nikaanika gome juu ya bati siku nne za jua kali. Kosa la kwanza hilo, dawa hukaushwa kivulini penye hewa. La pili lilinikuta kwenye hebaria, pale wanapohifadhi mimea iliyobanwa na kukaushwa kwenye karatasi, kila mmoja na namba yake. Mzee wa pale alichungulia gunia, akaniangalia, akachungulia tena.

"Hili ni gunia la magome, binti. Mti uko wapi?"

Nikamwambia ni mjafari. Akaniuliza mjafari upi. Kumbe jina hilo hubeba zaidi ya mti mmoja: uko Zanthoxylum chalybeum wa nyika kavu, na wako ndugu zake, kama Zanthoxylum usambarense wa milimani. Bila tawi lenye majani, na maua au matunda yakipatikana, hakuna mtu wa kunitilia sahihi. Nikapanda basi kurudi Handeni kufuata tawi moja. Mdogo wangu, lita zako mbili ni za mti gani?

Maabara nitaipitia haraka, kwa sababu kusaga na kuchuja hakuna hadithi. Nililoweka unga kwenye methanoli, spiriti ya maabara, kwa saa 72, nikachuja. Kilichotakiwa baada ya hapo ni mashine ya kuvukizia, ile inayozungusha chupa huku ikinyonya hewa, ili methanoli itoke yote bila kuunguza kitu. Mashine ilikuwa moja, foleni ya wiki tatu. Nami nilikuwa na haraka. Nikaweka bakuli juu ya maji ya moto, nikapata kitu cheusi kinachonata kama asali ya nyuki wadogo. Ukiinusa, methanoli bado imo. Nikajiambia si neno. Nikaiyeyusha kwenye DMSO, kimiminika tunachotumia kwa vitu visivyokubali maji, nikatoboa mashimo manne kwenye sahani ya aga, ute ulioganda wa kuoteshea bakteria, iliyopakwa Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu. Mashimo matatu ya dawa ya bibi kwa viwango tofauti, moja la antibiotiki ya hospitali.

Asubuhi yake nilifunua mfuniko, na kila shimo lilikuwa limezungukwa na duara safi ambalo bakteria hawakuota. Nikapima kwa rula: milimita 14. Nikapiga picha, nikairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama akaandika, "Hongera mwanangu, Mungu mkubwa." Mjomba akauliza tutaanza kuuza lini.

Siku ya kutetea tasnifu nilivaa gauni jipya. Nilizungumza dakika 20 bila kukwama. Kisha mjumbe mmoja wa jopo, aliyekuwa kimya muda wote akichezea kalamu, akauliza: "Shimo la tano liko wapi?" Nikasema sahani ilikuwa na mashimo manne. Akasema anaona. Anachouliza ni lile lenye DMSO tupu, bila dawa, nimeliweka wapi?

Sikuwa na la kujibu. Akaongeza maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watu wanaokuja chuoni kuthibitisha bibi zao. Miaka imepita, bado yananiuma, na yanauma zaidi kwa sababu katika swali alikuwa sahihi.

Nilirudia. Safari hii nilichukua bakuli tupu, nikatia methanoli peke yake, nikaivukiza kizembe vilevile, nikachanganya na DMSO, nikaijaza kwenye shimo la tano. Milimita 11! Na shimo lenyewe lina upana wa 6, ambazo zimo ndani ya kipimo. Fanya hesabu mwenyewe uone bibi yangu alibakiwa na ngapi. Ule mwaka ukaenda na maji.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni shimo la tano. Wa pili, pima nguvu na si uwepo. Ukimimina ekstrakti, yaani kile kilichokamuliwa kutoka kwenye mti, ikiwa nzito ya miligramu 100 kwa mililita, karibu kila jani litaua kitu. Watu wa fani huanza kuinua nyusi pale ekstrakti ghafi inapofanya kazi chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, yaani kiwango kidogo mara elfu. Na tafadhali usiniletee jedwali la alama za kujumlisha likisema mti una tanini, flavonoidi na alkaloidi, makundi ya kemikali za mimea. Chai ya rangi ina tanini, ina flavonoidi, na kafeini nayo ni alkaloidi. Tanini hasa ni laghai, hung'ang'ania protini yoyote inayokutana nayo, ukadhani umepata dawa.

Wa tatu umenichukua muda kuukubali. Bibi alichemsha kwa maji, mimi nikaloweka kwa methanoli. Bibi alitibu homa, mimi nikapima bakteria wa majipu, kwa sababu ndio waliokuwa kwenye friji ya maabara. Hata nisingekosea lolote, dawa niliyopima haikuwa ya bibi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alikwama na mmea wa pakanga ya Kichina mpaka aliporudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akaona kwamba mgonjwa hakuchemshiwa. Majani yalilowekwa kwenye maji, yakakamuliwa, akanywa. Akashuku kwamba moto ndio ulioua dawa, akahamia kwenye etha inayochemka kwa nyuzi 35 tu. Mwaka 1971 ekstrakti yake ikafyeka malaria kwenye panya, na 2015 akapewa Nobel. Mimi nilikuwa na kitabu changu hai, kimekaa kwenye kigoda Handeni, na sikukiuliza hata alichemsha kwa muda gani.

Mwaka uliofuata nilifanya upya, kwa mashine, kwa foleni, kwa mashimo matano. Makala yangu ilitoka, kurasa sita, matokeo ya wastani. Sijivuni, ila hakuna aliyeweza kuitoboa. Mjafari una alkaloidi kama kelerithrini, zenye ukali kweli, lakini kelerithrini huua hata seli za mwili. Kuua bakteria kwenye sahani hata jiki inaua.

Hili nalisema kwa wale wenye vibanda stendi wanaobandika "imethibitishwa na maabara" kwenye chupa. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, kwa Babu wa Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na mugariga aliouchemsha ni mti wenye kemikali zake kweli, lakini kemikali hazikuwa ndizo swali. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, tuna Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili. Nendeni mkagonge hodi.

Na wewe mdogo wangu, usithubutu kuotesha Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, chumbani, wala usimwonjeshe mtu hiyo spiriti. Rudi kwa babu na daftari. Muulize anachemsha au analoweka, kwa muda gani, anampa nani na anamnyima nani. Kata tawi. Halafu ile spiriti iliyobaki dukani, nunua chupa moja, usitie kitu ndani, iweke kando ya lita zako mbili. Mwezi ujao tutaanza na hiyo.