Kitabu cha baba kimevuka ziwa na hakijarudi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nakusalimu kutoka Kirumba, jijini Mwanza. Marehemu baba aliniachia nakala ya riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ile iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Pembeni mwa kurasa zake baba alipiga mistari ya kalamu ya risasi kila alipokuta desturi aliyotaka kunisimulia. Mwaka jana rafiki yangu, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa Nansio. Alipokuja kuniaga kabla ya kupanda meli, nilimtia kitabu hicho mkononi nikamwambia kwamba haiwezekani mtu akaishi Ukerewe bila kukisoma. Tangu siku hiyo tumeonana mara nne. Tunakula sato, tunaulizana habari za watoto, na kitabu hakitajwi. Mara ya mwisho nilijikaza nikamuuliza amekionaje, akajibu, "Kizuri, naendelea nacho," kisha akabadili mazungumzo. Mume wangu anasema nikikidai nitaonekana mchoyo, kwa kuwa kitabu si fedha. Nifanyeje nikipate bila kumpoteza rafiki?

JIBU: Dada yangu wa Kirumba, naanza na kauli ya mume wako, kwa sababu naiheshimu lakini siikubali. Ni kweli kitabu si fedha, na hiyo ndiyo sababu ya kukidai. Noti ya shilingi elfu kumi ikipotea, nyingine yoyote huziba pengo lake, ilhali mistari ya kalamu ya baba yako haipatikani dukani. Hata tukiiweka mistari hiyo kando, Kitereza alimaliza kuiandika hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akasubiri miaka 35 mpaka ikachapishwa kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Anayeitunza nakala ya toleo lile hana sababu ya kuona haya anapoiulizia.

Hata hivyo nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye maneno "nilimtia kitabu hicho mkononi". Rafiki yako hakukiomba. Kiswahili chetu humpa anayetoa na anayepokea neno moja, kuazima, na naamini aibu nyingi kati ya marafiki huanzia hapo: wewe ulijua kwamba umemwazima, ila yeye huenda hakujua kama ameazima, amepewa zawadi, au amepewa mtihani. Mwalimu mgeni kituoni ana madaftari ya kusahihisha, nyumba ya kutafuta na watu wapya wa kuzoeana nao. Ninavyolisikia jibu lake la "naendelea nacho", ni la mtu ambaye hajafika mbali na anaona haya kukuambia hivyo, hasa wewe uliyempa kitabu hicho kwa furaha namna ile. Ulipomuuliza amekionaje, uliugusa usomaji, yaani mahali hasa panapomuuma, na kuhusu kurudisha hukusema neno.

Rafiki yako ana madeni mawili kwako, la kusoma na la kurudisha, na la kwanza ndilo linalozuia la pili. Lisamehe waziwazi. Mwandikie ujumbe mfupi wa namna hii: "Mwalimu, habari za Nansio? Ninakiomba kile kitabu cha baba, nataka kikae nyumbani kwa sababu ya alama zake. Kama hukupata nafasi ya kukisoma, usijali hata kidogo. Jumamosi ijayo nitakuwa bandarini meli ikifika; ukimpa mtu anayevuka, nitakipokea mwenyewe." Ujumbe huo una siku na mahali, na hauna swali linalomlazimu kujitetea. Usimtungie kisa cha ndugu anayekihitaji haraka, kama wengi wetu tunavyofanya, maana mkikutana atakuulizia huyo ndugu. Ikiwa na yeye amemwazima mtu mwingine, mwombe jina tu la aliyenacho, na lawama uziache.

Siku zijazo, tenganisha kupendekeza na kuazima. Msifie rafiki kitabu kadiri upendavyo, kisha ungoje akiombe mwenyewe. Akikiomba, kubalianeni siku ya kukirudisha na uiandike mbele yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba ya umma humgongea msomaji mhuri wa tarehe ya kurudisha, na hakuna anayetoka pale akijiona ametukanwa. Nyumbani kwangu kuna kitabu chenye jina la mtu mwingine kwenye ukurasa wa kwanza. Mwenyewe alihama Mwanza kabla sijakirudisha, na kila ninapokipangusa vumbi ninatamani angenidai.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Nyegezi. Niliazima diwani ya mashairi kwa rafiki, nikanyeshewa nayo nikitoka kituo cha daladala. Niliianika juani, na sasa kurasa zimejikunja kama dagaa waliokauka. Nimenunua nakala mpya. Je, nimrudishie hiyo bila kusema lolote?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mpelekee zote mbili leo, umweleze yaliyotokea, achague mwenyewe, kwa kuwa hujui ile ya zamani alipewa na nani wala ndani yake aliandika nini. Siku nyingine kitabu kikilowa, kiepushe na jua kali na pasi ya moto. Kiweke kivulini penye upepo, chomeka karatasi nyeupe zisizoandikwa kati ya kurasa chache chache, na uzibadilishe kila zinapolowa. Kikikaribia kukauka, kifunge na ukikandamize kwa kitu kizito kwa siku kadhaa. Wakati kinakauka, mpigie simu mwenyewe, asije akapata habari hizo siku unapomrudishia.