Kutoka gitaa kwenda udi: mkono wa kushoto utakusumbua zaidi

Ndugu yangu, umeuliza kama miaka yako sita ya gitaa itakufaa kwenye udi wa taarabu. Itakufaa, ila si pale unapotarajia. Vidole vyako vimeshakomaa na sikio limezoea, hiyo ni faida kubwa. Lakini shingo ya udi ni tupu, haina vile vyuma vya kukuonyesha pa kubonyeza. Ukiteleza hata kidogo tu, sauti imeharibika. Mimi wiki za mwanzo nilikuwa naimba kila noti kwanza, ndipo naitafuta kwa kidole.

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na besi moja peke yake. Usiushike kama gitaa. Risha, yaani kile kipande cha kupigia nyuzi, ni ndefu na laini, inalala kiganjani, na kifundo cha mkono ndicho kinachofanya kazi.

Kodi (chords) zako za gitaa ziache kwanza. Anza na maqam ya Rast, moja ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, usikilize noti yake ya tatu, ile inayokaa katikati ya funguo mbili za piano. Kama uko karibu na Unguja, nenda DCMA, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, udi unafundishwa pale.