Kandambili ilibaki nyuma sina habari, lawama nikavipa vidonge vya chai

Siku niliyojua miguu yangu haiko sawa nilikuwa natoka dukani jioni, mtoto wa jirani akanikimbilia kwa nyuma anko anko kiatu chako, nageuka namuona kashika kandambili yangu ya kushoto, mi nimeshatembea hatua kama kumi mguu mmoja peku na sina habari. Tukacheka pale. Usiku sikulala.

Nina kisukari mwaka wa nane sasa na chai isiyo na utamu mi siiwezi, kwa hiyo natumia vile vidonge vidogo vya kwenye kikopo cha kubonyeza, viwili kwa kikombe. Ganzi ilishaanza vidoleni miezi kadhaa nyuma, usiku nyayo zinawaka moto hadi shuka likigusa nasikia vibaya. Sasa mama mdogo akatuma kwenye grupu la familia ile meseji ndefu kwamba utamu wa bandia una aspatamu na aspatamu inakula mishipa ya fahamu, watu wanapooza huko Marekani. (Nimekuja kujua ni ya kitambo hiyo, ilikuwa inazunguka kwenye email tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, WhatsApp yenyewe haijazaliwa.)

Nikajumlisha mwenyewe. Vidonge nikaweka pembeni nikahamia asali, si ni ya asili bana, vijiko viwili kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, wiki sita. Mke wangu alisema nikajifanya sisikii. Miguu ndo kwanza ikazidi, na kile kiu cha usiku kikarudi.

Kliniki nikakuta daktari mama mtu mzima. Akaniambia fumba macho, nitakugusa nyayo na huu uzi wa plastiki, ukisikia sema. Nikawa nasubiri aanze, nasubiri, kumbe mguu wa kushoto kashamaliza.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikaja 11.2. Akanieleza sukari ikikaa juu miaka inaharibu neva, yaani hiyo mishipa ya fahamu, pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha, na neva ndefu kuliko zote ndo hizi zinazofika vidoleni, ndo maana balaa linaanzia chini. Halafu akauliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa na mtu, metformini umemeza miaka mingapi? Saba. Kumbe hii dawa ya kisukari ukiitumia muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na B12 ikishuka ganzi yake ni hiihii, huwezi kuzitofautisha kwa kuhisi tu. Kupima, iko chini kweli. Nikaanzishwa sindano.

Nikamuuliza na vile vidonge je? Akasema lete kikopo. Wiki iliyofuata tunasoma nyuma pale, sakarini, utamu mwingine wa bandia! Aspatamu yenyewe haimo hata chembe, mi nilikuwa naogopa kitu ambacho sijawahi hata kukitia kwenye chai.

Na hiyo aspatamu ikifika tumboni inavunjika, inatoa asidi mbili za amino ambazo ziko hata kwenye nyama na maharage, na methanoli kidogo, ambayo juisi ya nyanya inakupa zaidi ukilinganisha na soda ya daiti ya kiasi hichohicho. Kiwango cha juu walichoweka WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 40 kwa kilo ya uzito kwa siku, mtu wa kilo 70 agonge makopo 9 mpaka 14 ya soda hiyo kwa siku ndo avuke. Zile habari za aspatamu za 2023 zilihusu saratani, waliiweka kundi la "huenda" inasababisha, kiwango hakikuguswa. Wa kuikwepa kabisa ni wale waliozaliwa na PKU, ugonjwa wa kurithi, mwili wao hauwezi kuvunja fenilalanini, moja ya zile asidi mbili. Kichwa kinakuuma kila ukinywa? Acha wiki mbili uone, haikugharimu kitu.

Ila kama una kisukari na miguu inakufa ganzi usipoteze wiki sita kama mimi. Omba wakupime nyayo, sukari ya miezi mitatu, na kama unameza metformini taja B12 kwa mdomo wako, usisubiri waulize. Kiatu kipapase ndani kwa mkono kabla hujavaa, maji ya moto pima kwa kiwiko.

Mama mdogo nilimpigia nikamweleza yote, akasema haya mwanangu, jioni akatuma ya mdalasini.

Chai nimerudi kwenye vidonge. Moto wa usiku umepungua sana, kandambili nimegawa, navaa sendo za mkanda nyuma. Kidole gumba cha kushoto bado sikisikii vizuri.