Jina langu halimo kwenye orodha ya msaada wa mafuriko

SWALI: Mto Kiwira ulipofurika, maji yaliangusha ukuta wetu wa nyuma na kuzamisha ekari moja na nusu ya mpunga. Tuliondoa tope, tukajenga ukuta upya. Watu wa tathmini walipofika wakasema hawaoni uharibifu. Majirani wamepewa unga na mabati. Nidai wapi fidia? – Mama wa watoto wanne, Kyela

JIBU: Pole sana, mama. Kwanza, usiandike neno fidia. Serikali hailipi fidia kwa janga la asili, hutoa msaada wa kibinadamu kadiri ulivyopatikana: chakula, mablanketi, pengine vifaa vya ujenzi. Wewe omba tathmini irudiwe.

Orodha huanzia kijijini, ikapanda kata, halmashauri, hadi kamati ya maafa ya wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Janga likizidi uwezo wa wilaya na mkoa, linafika Ofisi ya Waziri Mkuu. Asiyeandikwa kijijini ni vigumu kuonekana huko juu, kwa hiyo anza na mtendaji wa kijiji.

Mpelekee barua nakala mbili, yako aigonge muhuri na tarehe. Taja siku ya mafuriko, urefu na kimo cha ukuta ulioanguka, ekari, mpunga ulikuwa umefikia wapi, na idadi ya watu wa kaya. Majirani wawili na mwenyekiti wa kitongoji wasaini. Jina liwe lile la kwenye kitambulisho cha NIDA. Ukiandikwa "Mama Fulani", siku ya kugawa utazungushwa.

Ushahidi bado upo. Kwenye kuta za zamani maji huacha mstari wa tope: pima kimo chake kutoka sakafuni, piga picha futi ya fundi ikiwa imesimamishwa hapo. Ukuta mpya usiupige plasta kwanza, maana tofali mpya na za zamani zinajionesha zenyewe. Kama ulijisajili kwa mbolea ya ruzuku, beba namba yako ya mkulima, kwani ekari zako zimo humo.

Wapangaji nao waandikwe kama kaya kwa chakula na vyombo vilivyopotea, hata kama jengo ni la mwingine. Wengi huachwa hapo, na si haki.

Kabla ya kununua saruji zaidi, pima umbali hadi ukingo wa mto. Ndani ya mita 60 Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, hivyo ulizia kiwanja kingine ofisi ya ardhi ya halmashauri.

Mtendaji akikataa, aandike sababu. Karatasi hiyo ipeleke kwa Mkurugenzi wa halmashauri.