Mbona mahamri yakiungua yanakuwa makaa?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mie napika mahamri hapa Majengo kila alfajiri, juzi simu ikalia nikageuka kidogo tu, kurudi karai zima limeungua, meusi tititi. Jioni mishkaki nayo yaleyale. Mwanangu wa kidato cha pili ananambia ati mama hiyo ni kaboni, hata wewe umejaa kaboni. Nikamuuliza, kwani makaa nimeyala lini? Na mbona chumvi ikimwagikia jiko haiwi nyeusi? – Mama Mahamri

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole na hasara, nazi siku hizi bei yake twaijua. Mwanao yuko sawa kabisa. Makaa wayala kila siku ila hayajaungua bado!

Chukua sukari ulotia kwenye unga. Nusu yake ni glukosi, sukari ndogo, na glukosi moja ina chembe 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, sasa hesabu, haidrojeni mbili kwa kila oksijeni moja, si ndo maji hayo? Moto ukizidi hizo zinatoka kama mvuke, kaboni yabaki karaini peke yake, nyeusi. Unga ni glukosi hizohizo zimeungana mlolongo. Chumvi yako ni sodiamu na klorini basi, kaboni haina, itaungua nini?

Kaboni sifa yake ni mikono minne ya kushikana na chembe nyengine. Haidrojeni ina mmoja, oksijeni miwili, ikishashika imemaliza, lakini kaboni yashikana na kaboni mwenzake na mwengine na mwengine mpaka inakuwa mnyororo, au duara, au inatoa matawi, na mikono bado ipo ya kushika wengine, ndo maana kiumbe kinajengeka. Wapo wanouliza mbona isiwe silikoni, nayo si ina minne? Ni kweli, lakini silikoni ikishikana na oksijeni inakuwa mchanga. Kaboni ikishikana nayo inakuwa hewa, ndo kaboni dioksidi, mnazi unaivuta kwa majani. Watu hudhani mti unakula udongo, kumbe hilo gogo lote kaboni yake imetoka hewani, na kwenye hewa kaboni dioksidi haifiki hata asilimia moja, ni kama 0.04 tu!

Tazama mafuta ya nazi mwezi wa Julai, baridi ya kusi ikiingia chupa yaganda. Karibu nusu ya mafuta hayo ni minyororo ya kaboni 12 ilonyooka, inalala ubavu kwa ubavu kama dagaa kwenye pakacha. Mafuta ya alizeti minyororo yake mingi ina mahali kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili miwili, hapo inapinda, haipangiki vizuri, basi hayagandi ovyo. Kaboni ni ileile, mpango tu umebadilika.

Na wewe mwenyewe, kilo zako sikuulizi, lakini mtu wa kilo 70 ana kama kilo 12 hivi za kaboni, kwenye nyama, mafuta, hata kucha.

Mishkaki ilivyoungua ilinuka kama nywele zilizoguswa na moto, au sivyo? Mahamri hayanuki vile. Nyama ina protini nyingi, na protini juu ya ile kaboni ina naitrojeni nyingi na salfa kidogo, hizo ndo zilotoa harufu ile. Simu nayo siku nyengine iache ndani.