Shokola nzito ya kunywa, mbona ya kwangu inatoka myepesi?

Swali: Yaya, jambo sana. Mudogo wangu alirudi toka Bruxelles akatuletea tablette mbili za shokola nyeusi, anasema kule bananywa shokola ya moto nzito mpaka inashika ku kijiko. Miye niko nanunua pudri ya kopo hapa Nyawera, naweka vijiko vine mu kikombe na maziwa ya pudri na maji moto, lakini inatoka myepesi tu na sukari njo nasikia. Niongeze pudri? Na tablette moja imeshatoka madoa nyeupe juu, nitupe? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Mama, usitupe kabisa! Hiyo nyeupe ni mafuta ya kakao yenyewe, shokola ikipata joto ikalainika yanapanda juu, ikipoa yanaganda pale, na ukishaiyeyusha hayaonekani tena. Ingekuwa na manyoya ao harufu ya uozo, hapo ndio tungesema tupa.

Kuhusu uzito, pudri hata uweke vijiko kumi haitakufikisha. Mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na mwaka 1828 kule Amsterdam akina Van Houten, watengenezaji wa kakao, walipata hati ya uvumbuzi (brevet) ya mashine ya kuyakamua, kile kinachobaki kinasagwa njo pudri. Ni kitu kizuri kwa keki, lakini mafuta mengi yameshatoka, na hayo mafuta njo yanajaza mdomo. Tena makopo mengi tunayouziwa siyo kakao tupu, geuza kopo usome, vitu vinaandikwa kuanzia kile kilicho kingi, kama sucre imekaa mbele basi umelipa pesa ya shokola ukapewa sukari.

Kwa hiyo chukua ile tablette ya mudogo wako. Gramu 100 za shokola nyeusi, ile yenye kakao asilimia 60 mpaka 70, kwa maziwa desilita 4, inatosha watu wanne mu vikombe vidogo vya kahawa, na usiogope udogo wa kikombe juu ya hii haitoshelezi kiu, ni ya kunywa polepole. Maziwa yawe na mafuta yake: kama ni ya ng'ombe, yale ya kuletwa kwenye bidoni, chemsha vizuri kwanza, kama ni ya pudri chagua nzima siyo écrémé, ile iliyotolewa mafuta, na punguza maji kidogo kuliko vile wameandika. Kata shokola ndogo ndogo, toa maziwa moto ku babula, mimina shokola yote mule, acha dakika mbili bila kugusa, halafu piga na foete, kile cha kupigia mayai, mpaka ilainike. Usianze na matone ya maziwa juu ya shokola, shokola iliyoyeyuka ikipata maji kidogo tu inashikana na kuwa mabonge, mimina mengi kwa mara moja.

Kisha maizena, ule unga laini wa wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chai, ikorogwe kwanza na maziwa baridi. Rudisha sufuria ku makaa yaliyofunikwa jivu, koroga ukikwangua chini maana inaungua haraka sana, na ikianza kutoa mapovu ya kwanza endelea dakika moja hivi, usipofika pale utasikia ladha ya unga mbichi. Chumvi kidogo sana, sukari uonje kwanza. Wafaransa wengi wanaacha maizena, wanategemea shokola peke yake, na pale Angelina, Paris, nyumba ya chai ya tangu 1903, wanakuletea krimu pembeni. Watu wa Torino, Italia, wao wanaikaza mpaka inataka kijiko. Miye naona kijiko kimoja cha maizena kinatosha, ukizidisha unafunika ladha ya kakao, na hiyo ni hasara kubwa. Madrid wanachovya churros, vijiti vya unga vya kukaanga, wewe una mandazi ya moto hapo nje, chovya!

Ikibaki itazidi kukaza, kesho yake unaongeza maziwa na kupasha polepole, wengine wanasema njo inakuwa tamu zaidi na nakubaliana nao. Lakini iwe imelala mu frigo, kama umeme unakatika-katika kwenu pika ya leo tu.

Swali: Mzee wetu maziwa yanamuumiza tumbo, na yeye njo anapenda shokola kutushinda wote. Tumunyime? (Kijana wa Himbi, Goma)

Jibu: Hapana, mupikieni na maji! Kakao ilipofika Hispania miaka ya 1500 toka Mexico ilikuwa inapikwa na maji, maziwa yalikuja nyuma. Gramu 100 kwa desilita 3 za maji, mengine yote kama nilivyomwambia mama wa Kadutu, maizena muikoroge na maji baridi. Mafuta ya kakao yanafanya kazi yake vilevile na ladha inatoka wazi zaidi. Someni karatasi tu, kuna tablette nyeusi zenye maziwa ndani. Na mukipata zile zinazotengenezwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kwa kakao ya upande wa Beni, mupe mzee hizo, ni kakao ya kwetu na inastahili kunywewa na sisi. Ila mumupe mchana ao jioni mapema, shokola nyeusi ina kafeini kidogo na wazee wengine inawanyima usingizi.