Gari la pauni 1,500 na bima yake: jibu kwa mnaouliza kuhusu Uingereza

Swali linalokuja sana kutoka nyumbani ni hili: kama gari dogo lililotumika linapatikana Uingereza kwa pauni 1,500, mbona kijana wetu bado anapanda basi? Jibu ni bima. Kwa anayejifunza, au aliyefaulu mtihani juzi, bima ya mwaka inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe. Msimwone mchoyo.

Nyumbani tumezoea bima ndogo inayotozwa kwa aina ya gari. Huku anapimwa mtu: umri wake, miaka aliyokaa na leseni, kazi yake, hata mtaa ambako gari linalala. Magari nayo yamepangwa katika makundi, la 1 likiwa nafuu na la 50 ghali kupita yote. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujamlipa muuzaji, chukua namba ya gari, iingize kwenye tovuti za kulinganisha bima na usome bei kwa jina lako. Uliza bima kubwa pia, maana mara nyingi huku inatoka chini kuliko ile ndogo.

Leseni ya Kenya au Tanzania inakufaa miezi 12 tu tangu uwe mkazi, na haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Baada ya hapo unaendesha na leseni ya kujifunzia, alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yako mtu wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni kamili kwa angalau miaka 3. Jifunzie gia za mkono. Ukifaulu kwa otomatiki huruhusiwi kuendesha ya gia za mkono, na magari mengi ya bei ya chini ni ya gia za mkono.

Tafuta Volkswagen Up, Skoda Citigo au Seat Mii: ni gari moja lenye nembo tatu, injini ya lita 1.0, na matoleo ya chini yako kundi la 1 au la 2. Hyundai i10 na Kia Picanto ni chaguo zuri pia. Aliyezoea Vitz huku aulize Yaris. Iliyoagizwa moja kwa moja kutoka Japani husumbua kwenye bima.

Toyota Aygo, Citroën C1 na Peugeot 107 nazo ni ndugu, na injini yao ya petroli ya lita 1.0 inatumia mnyororo wa taimingi, si mkanda. Udhaifu wao ni klachi na maji. Fungua buti, inua zulia, pitisha mkono chini kabisa: kukiwa na unyevu, maji yanapenya kwenye mpira wa taa za nyuma. Kisha vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha, na gharama ya fundi itakula sehemu kubwa ya bei uliyonunulia.

Ogopa Ford yenye injini ya 1.0 EcoBoost na Peugeot yenye injini ya 1.2 PureTech, zile zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ukichakaa, vipande vyake huziba njia ya oili na injini hufa.

Historia ya ukaguzi wa kila mwaka, yaani MOT, unaisoma bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari. Linganisha maili mwaka hadi mwaka. Zikirudi nyuma, ondoka.

Usikubali mjomba aandikwe dereva mkuu wakati gari unalitumia wewe. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Bima nyingi za anayejifunza hukoma dakika ile unapofaulu, hivyo panga mapema nani atarudisha gari nyumbani. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza zinafuta leseni mpya.

Kodi ya barabara nayo haihami na gari. Lipa yako, na bima iwe imeanza, kabla hujaliondoa kwa muuzaji.